Bastola ya Dubu: Baba Anataka Kubwa Kuliko Zote

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tunaishi Anchorage, Alaska, na sote tuna grini kadi. Julai tunakwenda mto Kenai kuvua samoni na kulala kwenye hema. Mume wangu hataki kusikia kingine ila rivolva ya .500 Magnum, ile ya risasi nene ya nusu inchi, eti dubu hafi kwa kitu kidogo. Niliijaribu kwenye uwanja wa shabaha, kiganja kikaniuma hadi kesho yake. Tuchukue bastola gani? Na shemeji yangu anakuja kututembelea kwa viza ya utalii. Naye tumpe yake? – Mama Mapacha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo hajakosea kuhusu nguvu. Hiyo .500 ilipotoka mwaka 2003 ilizipita bastola zote zilizokuwa madukani. Ila inabeba risasi tano tu, nzito kuishika, na ikishalia mkono unapaa juu. Sasa piga hesabu. Dubu wa kahawia akikushambulia anafika kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye vichaka vya mtoni mara nyingi unamwona akiwa ameshakaribia. Kama ya kwanza imekosa, ya pili utaipiga saa ngapi?

Kwa hiyo mimi sichagui bastola kwa ukubwa wa tundu. Naangalia mtu anaweza kupiga ngapi, upesi, zikaingia anapotaka. Kwa wewe ningeanza na bastola ya magazini, inayojipakia risasi yenyewe, ya risasi za milimita 10. Glock 20, ambayo ni ya aina hiyo, inabeba risasi 15, na askari wa doria ya Sirius ya Denmark, wanaozunguka Greenland kwa mbwa na sleji kwenye nchi ya dubu weupe, ndiyo wanayotembea nayo. Mpini wake ni mnene, kwa hiyo ushike kwanza kabla hujalipa. Mumeo kama mkono wake umezoea rivolva, achukue .44 Magnum na aiache hiyo .500. Rivolva ina sifa moja nzuri: ukiwa umeangushwa, mdomo wa bastola umegandamizwa kwenye manyoya, bado italia. Ya magazini ikisukumwa hivyo inaweza kugoma. Ila jihadharini na zile .44 za chuma chepesi. Raha kuzibeba, adhabu kuzipiga, na bastola inayokuadhibu hutaifanyia mazoezi.

Risasi ndiyo wengi wanaikosea. Zile zenye tundu kichwani, za kujikinga na binadamu, zikigonga nyama hufunguka kama ua na kusimama mapema. Dubu ana mafuta, ana misuli ya bega, ana mifupa mizito. Mnataka risasi ngumu isiyofunguka, yenye pua bapa, izame ndani. Zipigeni hizo hizo uwanjani kabla ya safari, maana si kila bastola inazimeza bila kukwama.

Kiunoni msiiweke. Mkanda wa begi utaifunika, na suruali za mpira za kuvulia zitamalizia kazi. Kuna ala za kifuani. Inakaa hapo ukivua, ukipika, hata ukienda kujisaidia vichakani.

Lakini kabla ya yote hayo, kila mmoja awe na kopo lake la spreyi ya pilipili ya dubu. Utafiti wa Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao wa 2008, uliopekua matukio ya Alaska, ulikuta spreyi ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Ule wa 2012 wa silaha za moto ulipata asilimia 84 kwa bastola, na waliofyatua hawakusalimika zaidi ya waliokuwa na silaha wasiitumie. Mimi hubeba vyote viwili, na mkono wangu huenda kwenye kopo kwanza, labda upepo uwe unanipiga usoni.

Mkimuua dubu, kazi ndiyo inaanza. Sheria ya Alaska inawataka mmchune, mkabidhi serikali ngozi yenye kucha pamoja na fuvu, na kuandika taarifa ndani ya siku 15. Na kama aliletwa na samaki au takataka mlizoacha ovyo, utetezi wa kuokoa maisha hautawasaidia.

Shemeji yako: hapana. Sheria ya shirikisho la Marekani inamkataza mwenye viza ya muda kushika silaha au hata risasi, isipokuwa awe na msamaha kama leseni halali ya uwindaji. Msimwachie bastola hemani mkienda mtoni, hata kwa dakika tano. Mnunulieni kopo hapo hapo Anchorage, kwa sababu kwenye ndege haliruhusiwi, hata ndani ya sanduku la mizigo. Na kabla hamjaondoka mfundisheni kutoa kile kifungio cha usalama kwa kidole gumba, bila kuangalia.