Khanga yangu ya kompyuta inakosea ngeli

SWALI: Shikamoo Anti. Nasoma hapa Dodoma, nakaa Ng'ong'ona. Nimeandika programu inayochora khanga: pindo, mji, halafu inatunga yenyewe jina la kuandika chini. Nilimwonyesha mama, anayeuza khanga Soko la Majengo. Aliposoma "Kisima umekauka" alicheka mpaka wateja wakageuka. Nataka kila jina liwe na mizani 8, yaani silabi 8, nayo hesabu haitoki. Wenzangu wanasema niache, eti jina la mashine halina mtunzi. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Mtunzi ni wewe uliyechagua maneno ya kuingiza. Mwaka 1952 Christopher Strachey aliifanya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester iandike barua za mapenzi kwa kuokota maneno kwenye orodha aliyoipanga yeye. Ila Kiingereza kilimrahisishia, kivumishi chake hakibadiliki. Chetu kinadai. Basi kila nomino ihifadhi pamoja na ngeli yake, na kitenzi kihifadhi bila kiambishi cha mbele: "-mekauka". Programu ikishaokota nomino ndipo ichague: kisima kimekauka, mti umekauka, ziwa limekauka.

Mizani ndiyo iliyonikesha. Kwenye msimbo wa programu ulionitumia unahesabu irabu. Umekaribia, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Lakini "Mtu mwema hana deni" programu imelitupa kwa kuwa imepata 7. Litamke huku ukipiga makofi: m-tu-mwe-ma-ha-na-de-ni. Ni 8! Ile m ya "mtu" ni silabi kamili. Wala usikimbilie kuhesabu kila m. Kwenye "mtu mbaya" tunatamka m-ba-ya, mizani 3. Kwenye "nyumba mbaya" ni mba-ya, mizani 2. Herufi ni zilezile! Kinachozitenganisha ni ngeli, ambayo tayari utakuwa umeihifadhi. Hapo nilifurahi peke yangu usiku wa manane.

Kuhusu mchoro: jina refu linapanda juu ya pindo. Pima upana wa maneno kabla ya kuyachora. Ukizidi, punguza ukubwa wa herufi. Zile korosho ulizochora kwenye pindo umezipanga vizuri mno kufunikwa.

Ukimaliza, chapa majina 20, mpelekee mama pale mezani pake ayasome kwa sauti. Baada ya saa moja muulize anayakumbuka yapi. Hayo ndiyo uyatie kwenye khanga, na mimi unitumie.