Je, mavazi yana uzito mbele za Mungu? Jibu kwa mama wa Bagamoyo

SWALI: Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama Mkatoliki, ninakaanga na kuuza samaki hapa Bagamoyo. Siku za juma huwa ninasali Misa ya asubuhi nikiwa nimejifunga kanga zangu za kazi, kisha ninateremka ufukweni kwenye mnada. Mwezi uliopita mama mmoja wa jumuiya yetu alinisema mbele ya wenzangu, kwamba mcha Mungu hawezi kupokea Komunyo akiwa amevaa hivyo na nguo zinanuka samaki, na kwamba mwanamke asiyefunika kichwa anaidharau Ekaristi. Jumapili iliyofuata binti yangu, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, alirudishwa mlangoni kwa sababu ya suruali. Tangu siku hiyo sijakomunika. Majirani zangu Waislamu nao huniuliza mbona dini yetu haina stara. Naomba kujua: ikiwa Mungu anautazama moyo, mavazi yana kazi gani? Na ikiwa yana kazi, sisi tusio na nguo nzuri tusimame wapi?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, naomba nianze na lile ulilolitaja kwa maneno machache kuliko yote, kwamba hujakomunika. Kinachomzuia Mkatoliki kuijongea meza ya Bwana ni dhambi ya mauti ambayo hajaiungama, na pia anatakiwa awe amefunga chakula na kinywaji, isipokuwa maji na dawa, walau saa moja kabla ya kupokea. Kanga ya kazi haimo katika vizuizi hivyo, kichwa kilicho wazi hakimo, na harufu ya samaki haimo. Kama huna zuio jingine, rudi mezani kesho asubuhi. Sehemu iliyobaki ya jibu hili unaweza kuisoma baadaye.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Neno unalolitegemea limo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, aya ya 7: «wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo». Watu wengi hulitumia kana kwamba Mungu alikuwa akituruhusu kuvaa lolote. Lakini tukilisoma mahali pake tunaona kwamba hakuambiwa mtu aliyesimama mbele ya kioo akijiandaa. Aliambiwa Samweli, aliyekuwa amesimama nyumbani kwa Yese akivutiwa na umbo na kimo cha Eliabu, tayari kumdhania kuwa ndiye mpakwa mafuta. Ni onyo kwa jicho la anayemtazama mwenzake. Kwa hiyo neno hilo linamgusa zaidi mama aliyekusema kuliko linavyokugusa wewe, na wala halisemi kwamba nguo ni kitu cha bure.

Nguo si kitu cha bure kwa sababu dini yetu haikuletwa kwa roho zisizo na miili. Tunabatizwa kwa maji, tunapakwa mafuta, tunalishwa kwa maumbo ya mkate na divai, na siku ya Ubatizo tunavikwa vazi jeupe kuwa ishara ya neno la Mtume Paulo kwa Wagalatia, kwamba wote waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo. Padre naye hapandi altareni kwa shati lake la nyumbani, bali huvaa alba, stola na kasula, ili waamini wasimtazame yeye na mtindo wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1387, inafundisha kwamba mwenendo wa mwili, yaani ishara zake na mavazi yake, unapaswa kuonyesha heshima, taadhima na furaha ya wakati ule Kristo anapokuwa mgeni wetu. Nawe unalijua hilo bila ya katekisimu, kwani akija mgeni wa heshima nyumbani kwako huwezi kumpokea na khanga uliyolalia wakati unayo nyingine safi sandukuni. Hivyo kanuni ninayoitoa ni hii: mtu ajiandae kwa kile alicho nacho, kiwe safi kadiri ya kazi yake, na kimsitiri kadiri ya desturi ya mahali alipo.

Kuhusu kufunika kichwa, mwenzako hakulizua jambo hilo, ila amechelewa kupata habari. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, katika kanuni ya 1262, uliwataka wanawake wafunike kichwa na wavae kwa staha kanisani, hasa wanapoijongea meza ya Bwana, na wanaume wawe kichwa wazi. Mwaka 1976, chini ya Papa Paulo VI, Baraza la Mafundisho Sadikifu ya Kanisa lilieleza kwamba agizo la Paulo kwa Wakorintho juu ya ushungi wa wanawake lilitokana na desturi za wakati ule na halina tena nguvu ya sheria. Mkusanyo mpya wa Sheria uliotoka mwaka 1983 uliufuta ule wa zamani na haukuirudisha kanuni hiyo. Anayetaka kujitanda mtandio au kufunga kilemba ajitande na ajifunge kwa amani, maana ni desturi nzuri na yenye historia ndefu. Lakini hana ruhusa ya kuigeuza kuwa mzani wa kupimia imani ya jirani yake wa benchi.

Nakaa kidogo hapa kwenye kupimana, kwa sababu katika mji wako jambo hili lina kidonda cha zamani. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni ya Bagamoyo, na miongoni mwa waamini wake wa kwanza walikuwamo watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa watoto. Katika miji ya pwani ya zama hizo, nguo ilikuwa cheti cha mtu. Mtumwa alijulikana kwa kaniki na merikani chakavu, mtumwa mwanamume hakutarajiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya waungwana, na mjakazi hakuruhusiwa kujitanda kama mwanamke muungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliopata uhuru waliiacha kaniki wakajifunga kanga, na kanga hiyo ikasema kwa niaba yao kwamba wao sasa si mali ya mtu. Basi mama anapomdharau mwenzake kwa ajili ya kanga, tena Bagamoyo, penye makaburi na kumbukumbu za watu hao, hajui kwamba analirudisha lile jicho la soko la watumwa. Mtume Yakobo alilikemea jicho hilo karne nyingi kabla ya hapo, katika sura ya 2 ya waraka wake, alipowashutumu wanaomketisha mahali pazuri mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, huku wakimwambia maskini asimame kule au aketi miguuni pao.

Wala hatari haiko upande wa mapambo peke yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba ubaya haumo katika nguo zenyewe bali katika mtu anayezitumia bila kiasi, na kwamba kiasi hicho hupotea kwa njia mbili: mmoja hujipamba ili atazamwe, na mwingine hujichakaza ili asifiwe kwa unyenyekevu. Mtakatifu Augustino, aliyeishi miaka mingi kabla yake, aliona kwamba majivuno ya mavazi machakavu ni ya hatari zaidi, kwa sababu hudanganya kwa jina la kumtumikia Mungu. Ninamwongeza Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, aliyependa wacha Mungu wawe ndio waliovaa vizuri kuliko wenzao katika kundi, lakini pia wawe wa mwisho kwa madoido. Wahenga wa pwani walilifunga jambo hilo kwa kifupi: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Niseme pia lile ambalo wanaume wengi hawalioni, nami nimejifunza kutoka kwa akina mama wenyewe. Kanga ina jina. Mama anaweza kuingia kanisani amejisitiri toka utosini hadi kisiginoni, hana hata unywele ulio wazi, kumbe amechagua kanga iliyoandikwa «Hasidi hana sababu», akaketi benchi la mbele ya yule aliyegombana naye kisimani ili maneno yasomwe vizuri wakati wa mahubiri. Huyo ameshika kila sharti la stara, na bado amekuja na ugomvi wake hadi altareni, wakati Bwana alisema tuiache sadaka yetu mbele ya madhabahu, tukapatane kwanza na ndugu yetu.

Binti yako amenisikitisha zaidi. Hakuna sheria ya Kanisa zima inayomkataza mwanamke kuvaa suruali. Aya ya Kumbukumbu la Torati 22:5, inayomkataza mwanamke mavazi ya mwanamume, haiwezi kutajwa bila kuuliza ni mavazi gani yanayohesabiwa kuwa ya kiume mahali husika, na leo katika nchi yetu mashati na suruali za kike zinashonwa na kuuzwa kwa jina hilo hilo. Naikubali haki ya parokia kuweka utaratibu. Hata katika Basilika la Mtakatifu Petro mjini Roma mabega na magoti yanatakiwa yafunikwe. Lakini Misa ya Dominika ni wajibu wa kila Mkatoliki, na anayemrudisha kijana mlangoni amemzuia asitimize wajibu huo, tena kijana ambaye pengine alihitaji sababu ndogo tu ya kutorudi. Mhudumu wa mapokezi mwenye busara huwa na kanga mbili tatu karibu, humwita binti pembeni kwa sauti ya chini, humpa moja ajifunge, kisha humwonyesha mahali pa kuketi.

Hata hivyo, mama, usimtetee kupita kiasi. Kama suruali ile ilikuwa ya kubana kiasi cha kuwashughulisha wengine, umwambie wewe mwenyewe, nyumbani, kwa upendo. Katekisimu, katika namba 2524, inakiri kwamba namna za kujistahi hutofautiana kutoka utamaduni hadi utamaduni, lakini staha yenyewe inabaki kila mahali. Linaloonekana la kawaida katika mitaa fulani ya Dar es Salaam linaweza kuwakwaza watu katika mtaa wa Bagamoyo, na kuijali hisia ya jirani ni tendo la upendo hata pale ambapo sheria haikulazimishi.

Hilo linanipeleka kwa majirani zako. Wajibu kwa upole kwamba stara ni amri kwetu pia, ila Kanisa halikutupa kipimo kimoja cha kitambaa kwa mataifa yote. Waraka wa kale wa Wakristo wa kwanza, ulioandikwa kwa mtu aitwaye Diogneto, unaeleza kwamba Wakristo hawatengwi na watu wengine kwa nchi, lugha wala desturi, na kwamba hufuata mila za wenyeji katika mavazi na chakula. Mkristo wa pwani anayejitanda kanga yake anapopita mtaani hajaiacha dini yake hata kidogo.

Yamebaki mambo mawili ya kufanya. Tenga kanga moja safi ya Misa, uifunge juu ya ile ya kazi, na uikunje utakapotoka kwenda mnadani. Hilo linatosha kabisa kwa mtu wa kazi yako. Kisha mwende wewe na binti yako kwa paroko wenu siku ya kazi, si baada ya Misa watu wakiwa wamejaa uani, mumweleze lililotokea mlangoni bila kumtaja kwa ubaya aliyelifanya, na mumwombe awape wahudumu maelekezo kabla ya Dominika ijayo, ili binti asali nyumbani kwao kabla likizo haijaisha.