Kabla Hujakubali Hedi Ifunguliwe

Gari langu ni Toyota 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, na kazi zake nyingi nazifanya mwenyewe. Nilianza siku lilipochemka Waiyaki Way, Nairobi, nikipanda kutoka Kangemi kwenda Uthiru. Ilikuwa jioni, magari yamebanana hayasongi, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, mvuke ukafumka chini ya boneti. Nilizima nikakaa kando ya barabara karibu saa nzima.

Kesho yake fundi alichungulia, akaona chupa ya akiba ya maji imefurika na rejeta, inayopoza maji ya injini, imepungua maji. Akaniambia, “Madam, gasketi ya hedi imeenda. Tufungue, hedi ipelekwe ikakwanguliwe.” Hedi ni kipande cha juu cha injini, gasketi ni bamba jembamba linaloziba kati yake na injini ya chini, na kukwangua ni kuisawazisha uso. Shilingi 28,000, siku nne. Sikuwa nazo, na kwa kuwa sikuwa nazo nilipata muda wa kuuliza: amejuaje?

Gasketi ya hedi ikipasuka huacha ushahidi, na ushahidi huo unaweza kuutafuta wewe mwenyewe bila spana hata moja. Vuta dipstiki uangalie oili: ikiingiwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Angalia moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto. Kisha asubuhi, gari likiwa baridi kabisa, liwashe ushike ule mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta. Ukivimba na kuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, hiyo ni gesi ya silinda, yale matundu ambamo petroli huungua, inayopenya kwenye maji.

Kwangu oili ilikuwa safi, moshi haukuwapo. Lakini ule mpira, nilipoushika alfajiri kabla ya kuwasha, ulikuwa umebonyea pande zote mbili, bapa, kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa hewa. Nilikaa nikiutazama. Nilipolegeza kifuniko cha rejeta, ukavuta pumzi, fyuu, ukarudi umbo lake.

Tatizo lilikuwa kifuniko.

Watu wengi hukichukulia kama mfuniko wa sufuria tu, na hapo ndipo tunapopoteza injini. Kina springi inayozuia maji mpaka shinikizo lifike kiwango kilichoandikwa juu yake. Changu kimeandikwa 0.9. Sisi wa Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku maji yaliyo wazi huchemka yakifika takriban nyuzi 94, si 100 kama kule Mombasa. Injini hufanya kazi karibu sana na joto hilo. Ni shinikizo la kifuniko linalosukuma kiwango cha kuchemka kipite nyuzi 110. Springi ikichoka, unaendesha sufuria wazi, na ukipanda mlima kwenye foleni lazima ichemke.

Kazi yake ya pili ni kurudisha. Injini ikipoa, vali ndogo iliyo katikati ya kifuniko hufunguka na maji yaliyokimbilia kwenye chupa ya akiba yanavutwa tena ndani. Changu kilikuwa kimeshika kutu pale, vali haifunguki. Ndiyo maana chupa ilifurika, rejeta ikapungua, na mpira ukabonyea. Fundi hakunidanganya. Dalili alizoziona zilikuwepo, ila alirukia jibu la ghali kabla ya kupima la rahisi.

Kipya nilikipata Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan) kwa shilingi 600. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, ulinganishe namba, kina cha shingo na unene wa raba. Ukitaja jina la gari peke yake utapewa kitu kinachokaribiana, na kwenye injini kinachokaribiana hakitoshi.

Nikiwa nimeshapata ari, nilifungua nyumba ya thamostati, vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikishapata moto. Nati mbili tu, lakini ziko mahali pabaya, nilichubuka vidole. Ndani hamkuwa na kitu. Kuna mtu aliyeing'oa zamani, kwa ile imani kwamba huku kwetu ni joto, haihitajiki. Naomba tuiache imani hii. Bila thamostati injini huchelewa kupata moto, kompyuta hudhani bado ni baridi na kuongeza petroli, na petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda. Unalipia kwenye pampu, kisha unalipia tena kwenye pistoni.

Thamostati mpya nilifika nayo jikoni kwanza. Niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nikawasha gesi. Imeandikwa 82. Kipimo kilipokaribia hapo, sahani yake ya shaba ilianza kujiinua polepole, uzi wa mwanga ukaonekana pembeni. Nilipozima moto ikajifunga. Nikajua nafunga kitu kizima. Wakati wa kuirudisha, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae upande wa juu, hewa ipate pa kutokea.

Jaza kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, si maji ya mfereji. Hedi ni alumini, maji matupu huila, na maji ya kisima yenye chumvi ni mabaya zaidi. Na usifungue kifuniko injini ikiwa moto, hata ukiwa umechelewa kiasi gani. Maji yaliyobanwa huruka usoni mara moja.

Gari likitetemeka, toa nyaya za plagi uchungulie mashimo. Kwenye hizi 5A, raba za kava, ule mfuniko wa juu ya hedi, zikizeeka oili huvuja na kujaa humo. Raba na gasketi ya kava ni kazi ya asubuhi moja ya Jumapili. Hedi yenyewe na mkanda wa taiming namwachia fundi, ila nasimama pale na kuuliza kila hatua, na fundi mzuri hakasiriki.

Kulanti ya zamani usiiache kwenye beseni uwanjani hata dakika tano. Ni tamu, paka na mbwa huilamba, watoto pia wanaweza, na huua figo. Mimi naimimina moja kwa moja kwenye mtungi wenye kifuniko, nauandika SUMU kwa kalamu nene, na hauchanganyiki na mtungi wa oili chakavu, ambao naupeleka kwenye kituo cha mafuta kinachoipokea.