Boksi la kukalia kwenye boti: maswali yenu ya kusi hili

Kusi likishakaza na boti zikavutwa juu huku Kigamboni na kule Kunduchi, Dar, ndo watu wanakumbuka kurekebisha vile vitu walivyokuwa wanavisogeza mbele tangu kaskazi, na meseji zinaanza kumiminika. Safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, boksi la kukalia, lile unakaa juu na ndani unaweka vitu vyako. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimezijibu pamoja.

Kabla sijaanza niseme ukweli, mi sio fundi boti wa kurithi, nimejifunza kwa kuharibu. Boksi langu la kwanza nilitengeneza kwa emdiefu, ile bodi ya vumbi la mbao lililogandishwa, mabaki ya kabati la jikoni, nikalipiga rangi ya mafuta koti tatu likapendeza kweli kweli, safari mbili tu za kisiwa cha Bongoyo likawa limeumuka kama andazi na skrubu nazitoa kwa vidole. Kwa hiyo mengi ninayowaambia hapa ni mateso yangu mwenyewe.

Fundi, nimenunua marini bodi Buguruni, ile nyeusi inayong'aa, nikaikata boksi na kuipaka resini na faiba. Wiki ya pili faiba inabanduka yote kama gamba. Nimepigwa?

Hujapigwa kaka, umepewa ulichoomba. Kibongobongo ukisema marini bodi unapewa plaiwudi ya kufungia zege, ndo jina lake huko saiti. Ile filamu nyeusi au ya kahawia juu yake kazi yake ni kuzuia zege lisigandie, sasa kama zege lenyewe halishiki, resini, ile gundi ya faiba, itashikaje?

Kama umeshanunua usiitupe. Kwangua ile filamu yote kwa msasa namba 60 mpaka uone mbao tupu, sio kuchanachana juu juu, halafu ndo upake. Ni kazi ya kutoa jasho na vaa barakoa, lile vumbi sio la kuvuta. Ila kagua kwanza ubavuni pale ulipokata: ukiona matundu kati ya tabaka, yaani vile vipande vya ndani havijagusana, ujue maji yakipata njia moja yatatembea ndani mpaka upande wa pili wewe huoni kitu. Bodi ya namna hiyo katengenezee banda la kuku.

Plaiwudi ya boti yenyewe inafuata kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 1088, tabaka za ndani hazina matundu na gundi yake haiachii hata ikilowa. Lakini muhuri ni wino tu, yeyote anaweza kugonga, kwa hiyo mi nafanya hivi: naomba kakipande ka ukubwa wa kiganja, naenda nako nyumbani nakachemsha kwenye sufuria kama maharage, masaa kadhaa, nakaacha kakauke, nakachemsha tena. Tabaka zikiachana sinunui. Muuzaji akikataa kukupa kipande nalo ni jibu.

Na kingine ambacho watu hawasikii hata ukiwaambia mara mia: plaiwudi inakunywa maji zaidi kupitia ukingo kuliko kupitia uso. Uso utaupaka koti mbili inatosha, ila kila ukingo uliokata, kila tundu la skrubu, kila kona, hapo paka epoksi, aina nyingine ya resini, ikinyonya ongeza, ikinyonya ongeza tena mpaka ikatae. Gundi nyeupe ya maseremala kwenye maji ya chumvi sahau kabisa.

Boti yangu ni faiba futi 16. Boksi liwe na vipimo gani, na plaiwudi moja inatoa maboksi mangapi?

Mi napenda urefu sentimita 100, upana 40, kimo 35. Kimo ndo watu wanakosea, wanataka kukaa kama wako sebuleni wanapandisha mpaka 45 au 50, sasa watu wanne wakikaa juu huko uzito wote umepanda na boti inaanza kuyumba hata kwa wimbi la boti nyingine kupita. Kaa chini, magoti yakipanda kidogo utazoea.

Plaiwudi moja ni sentimita 244 kwa 122, karibu mita tatu za mraba. Boksi la vipimo hivyo pamoja na mfuniko linakula kama 1.8, kwa hiyo bodi moja boksi moja, na mabaki yanakutosha boksi dogo la nanga na kamba kule omo, yaani mbele ya boti. Milimita 12 inatosha kabisa, litakuwa na kilo kama 13 hivi. Ukienda milimita 18 unafika 20 na hujapata faida yoyote, kama unaogopa mfuniko utabonyea gundishia mbao mbili za mninga kwa chini, ushamaliza.

Sasa sikiliza hii. Boksi hilo likijaa maji ni karibu lita 140, yaani karibu kilo 140, kama umepakia watu wawili ambao hukuwapangia na wote wamekaa upande mmoja. Ndo maana boksi lisilo na tundu la kutolea maji mi nalihesabu halijaisha. Toboa kwenye kona ya chini inayoangalia tezi, yaani nyuma ya boti, tundu la kuingia kidole, paka epoksi ndani ya tundu, na boksi lenyewe liinue juu ya vibao viwili ili chini pawe na hewa. Watu wanaziba kila mahali kwa silikoni wanasema maji hayaingii, we, haya maji ya Bahari ya Hindi, yataingia, swali ni yatatokea wapi.

Kama unataka sehemu kavu ya simu na nguo basi kazi iko kwenye mfuniko, sio silikoni. Kuzunguka mdomo wa boksi pandisha ukuta mdogo wa sentimita 3, mfuniko wenyewe uwe na ukingo unaoshuka kwa nje na kuupita ule ukuta, hapo maji yakimwagika juu yanashuka pembeni. Katikati weka raba, na raba nzuri kuliko zote nimeipata Gerezani kwa wauza spea, raba ya mlango wa gari chakavu, laini na ina tundu katikati, inabonyea vizuri. Bawaba na skrubu ziwe stenlesi namba 316, hiyo 304 itakutolea madoa ya kutu mapema. Ukikosa, shaba. Misumari ya kawaida utailia.

Kaka habari, nina boti inapeleka wageni kisiwa cha Mbudya wikiendi. Vijana wangu wanaweka laifu jaketi ndani ya boksi na wanafunga kufuli maana zinaibwa sana. Kuna shida?

Nzuri dada. Shida ipo na ni kubwa. Boti ikipinduka nani ataanza kutafuta funguo? Jaketi za abiria zinavaliwa kabla boti haijaondoka, basi, haziwi mzigo wa kwenye boksi, na TASAC, wale wa serikali wa usalama wa vyombo vya majini, wakija kukagua hicho wataangalia. Za akiba weka kwenye boksi la karibu na abiria, juu kabisa bila kitu kingine juu yake, komeo la kufungua kwa mkono mmoja bila kufuli. Usiku zitoe uende nazo nyumbani. Kuibiwa jaketi ni hasara, hiyo nyingine sitaki hata kuiandika.

Naweza kuweka dumu la petroli na betri kwenye boksi moja la nyuma? Nafasi ni ndogo.

Hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala chini ya boksi kama maji usiyoyaona, na betri terminali ikilegea inatoa cheche. Hapo umejikalia juu ya bomu, tena kwa kulitengeneza mwenyewe. Tenki la mafuta liache nje ya boksi, kwenye sakafu, lifunge kwa mkanda lisitembee, na kama lazima liwe ndani basi boksi liwe na matundu ya hewa chini na juu, yakitokea nje. Betri ipe kaboksi kake upande mwingine, na matundu yake yawe juu, maana gesi ya betri yenyewe ni nyepesi inapanda.

Kijana, nina mashua ya mbao. Mwanangu kanifungia boksi la kukalia kule tezi, kalikamata kwa skrubu ubavu hadi ubavu. Tangu hapo maji yanatuama chini yake, na kalafati, ile pamba ya kuziba kati ya mbao, upande wa kulia imeanza kutoka. Tatizo ni boksi au chombo kimezeeka?

Shikamoo mzee wangu. Kwa vyombo vya mbao wewe ndo unapaswa kunifundisha mimi, ila kwa ulivyoeleza mi nalilaumu boksi. Mashua ya mbao inapumua, ikipanda wimbi inajipinda kidogo na kurudi, ndo uzima wake. Huyo kijana ameifunga mbavu mbili kwa boksi gumu lisilokubali kupinda, sasa kile ambacho chombo kilikuwa kinakigawa kwa urefu wote kinaishia kwenye zile skrubu, ubao unavutwa na kalafati inasukumwa nje.

Mwambie azitoe skrubu zote za ubavuni, matundu ayazibe vizuri. Boksi likae juu ya mbao mbili zilizolala kwenye mataruma, ile mifupa ya ndani ya chombo, kila upande aache nafasi ya vidole viwili lisiguse ubavu, na alifunge kwa kamba au komeo ili liweze kutoka. Hilo la kutoka ni muhimu mzee, maana yale matundu chini ya mataruma yanayopitisha maji kwenda kwenye ngama, pale chini maji yanapokusanyika, nadhani ndo yameziba, vumbi la randa, magamba ya samaki, vipande vya kamba, na kama boksi halinyanyuki nani atayazibua? Maji yakishindwa kufika pale unapoyachota kuyatoa nje yatakaa hapo hapo. Tena ya mvua ndo mabaya zaidi, chumvi inazuia mbao kuoza kidogo ila maji ya mvua yakituama yanaozesha haraka, na masika ya Dar unayajua mwenyewe. Kijana usimgombeze, amefanya kwa mapenzi, hajui tu.

Nimekoroga resini kopo zima la lita moja saa saba mchana ili nimalize kazi mara moja. Haikufika robo saa kopo linatoa moshi, limeyeyuka chini. Resini mbovu?

Resini nzima, ila saa saba mchana Dar bro! Resini ikiganda inatoa joto, ikiwa nyingi ndani ya kopo joto halina pa kutokea, linazidisha kuganda, kuganda kunazidisha joto, mpaka moshi. Koroga kidogo kidogo, kama robo lita, na ukishakoroga mimina kwenye trei pana isambae. Fanya alfajiri au jioni na kivulini. Hadena, ile dawa ya kugandisha, kwa resini ya kawaida ya poliesta inatakiwa asilimia 1 mpaka 2, yaani nusu kilo ya resini gramu 5 hadi 10, kwa joto letu anza na ile ndogo, na pima kwa sirinji ya famasi badala ya kukisia na kifuniko cha soda.

Mawili ya hatari hapo hapo. Hadena ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha kabisa, vaa miwani, na ikiruka osha kwa maji mengi dakika 15 bila kuacha halafu kimbia hospitali. Na kama umenunua resini ambayo kobalti yake, dawa ya kuharakisha kuganda, inakuja kwenye chupa ya pembeni, usije ukachanganya kobalti na hadena zenyewe kwa zenyewe, zinalipuka. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza, ikorogwe ipotee, ndo hadena ifuate.

Mto wa kukalia juu ya boksi niweke sponji ya aina gani?

Sio ya sofa, inakunywa maji wiki nzima haikauki. Chukua ile mikeka minene ya sponji ngumu ya watoto, ile ya kuunganisha vipande vipande, haipitishi maji. Kata, panga mbili, vika leza, chini acha matundu. Basi.

Nataka boksi moja liwe la barafu, niende kuvua nilale nje usiku mmoja. Staifom, lile povu gumu jeupe, unene gani?

Sentimita 5 kila upande pamoja na mfuniko na chini, chini wengi wanasahau na ndo kunakogusa sakafu yenye joto. Kabla ya kupaka resini ya kawaida juu ya staifom simama kwanza: ile resini ya poliesta inaila staifom mbele ya macho yako, inabaki uji. Tumia epoksi, hiyo haiidhuru. Na kama hutaki kazi yote hiyo tafuta friji bovu, ng'oa mlango na mashine, lile tumbo lake tayari lina kinga ya joto, kwenye masoko ya samaki watu wanatumia hivyo miaka yote.

Barafu hesabu kilo kwa kilo na samaki, ipasue ndogo ndogo, weka tabaka barafu, samaki, barafu. Maji ya barafu yatoke, samaki akiogelea humo analainika. Ila bomba lake litokee nje ya boti moja kwa moja. Mi nililiacha limwagike kwenye ngama, ndani ya mwezi boti ilikuwa inanuka mpaka nikifika soko la samaki la Feri paka wanasimama kunipokea.