Afande ametoka jeshini, mbona tunampeleka getini? Maswali yenu na majibu yangu

Tangu niseme kwamba hapa Nairobi tunawatupa wanajeshi waliostaafu kwa vyeo vya chini, simu yangu haijapoa. Nieleweke: sisemi majenerali, hao wakitoka wanatafutwa na kila bodi. Nasema wale walioingia kama kuruti pale RTS, shule ya kufunza makuruti huko Eldoret, wakatoka wakiwa koplo, sajini, sajini mwandamizi. Babangu alikuwa mmoja wao, na mimi nimekuwa nikiajiri watu wa stoo miaka kumi na moja sasa, kwa hivyo hii kitu naijua pande zote mbili.

Dada, nasambaza unga na mafuta ya kupika, niko Industrial Area. Kuna jamaa ameleta sivii, amekuwa jeshini miaka 16, ametoka koplo, elimu ni fomu foo, na anataka kazi ya supavaiza wa stoo. Meneja wangu anasema tumpe geti. Unaonaje?

Meneja wako akisikia neno jeshi akili inakimbia getini, na si yeye peke yake, karibu mji wote uko hivyo. Kazi ya kulinda geti ni ya heshima na sitaki mtu aidharau, lakini kabla umpeleke huko muulize kwanza alikuwa anaongoza watu wangapi. Koplo ndiye anasimamia seksheni, watu kama kumi hivi, na hiyo si kusimamia kwa kutuma meseji kwa grupu, yeye anajua nani hajakula, miguu ya nani imefura, bunduki ya nani ni chafu, nani amepigiwa simu kutoka nyumbani akaambiwa mtoto ni mgonjwa. Na hapo kando yake kuna lansi koplo, msaidizi wake, anajifunza kila kitu, kwa sababu koplo akianguka seksheni haiwezi kukaa hapo kungoja HR.

Wacha nikupe ya kwangu. Mahali nilikuwa nafanya kazi tulikuwa na shida, magunia yanapotea usiku na vijana wa kupakia mizigo wanalaumiana mpaka ngumi. Tukachukua sajini mstaafu asimamie shifti ya usiku, vijana 14. Siku ya kwanza nikangoja hotuba, hakutoa. Alipita polepole akiangalia viatu vyao. Kuna kijana gambuti yake ilikuwa imepasuka ameifunga na waya ya stima, sajini akaniletea kikaratasi kimeandikwa: gambuti moja, namba 9, leo. Nikatuma mtu akanunua. Kazi ilipoisha akawasimamisha kwa duara dakika kumi, akaanza na yule mdogo kabisa, wewe umeona nini leo? Akazunguka wote, halafu akauliza kila mmoja: kesho usipokuja, nani anajua kazi yako? Wengi hawakuwa na jibu.

Unajua magunia yalikuwa yanaenda wapi? Hesabu ilikuwa ya mtu mmoja, usiku kucha, na ikifika alfajiri amechoka anaandika tu. Sajini akaweka wawili, mmoja anahesabu gunia likitoka stoo, mwingine anahesabu likipanda lori, wanabadilishana kila masaa mawili. Hakumfuta mtu hata mmoja. Sisi na madigrii yetu tulikuwa tumeshaandika barua za kufuta watatu.

Kwa hivyo mpe miezi mitatu ya majaribio kama vile ungempa mtu mwingine yeyote, umfunze ile programu yenu ya stoo, na tafadhali usimkate mshahara ati kwa sababu ana pensheni. Pensheni ni ya kazi aliyomaliza, hii yako ndio anaanza.

Lakini si hao watu ni kelele na amri tu? Vijana wangu ni Gen Z, watatoka wote.

Kelele ni za depo, za miezi ya kuruti. Ukishafika kikosini unalala na hao watu, unakula nao, na kama mmeenda Somalia maisha yako yako mikononi mwao, utawapigia kelele mpaka lini? Wapo wenye hasira, sikatai, na wapo pia waliotoka benki na hasira zao. Kwa intavyu muulize akueleze siku kijana wake alikosea na alifanya nini. Jibu litakuonyesha mtu.

Habari dada. Mimi ni sajini mwandamizi mstaafu, naishi Kahawa West, miaka 21 kwa huduma. Nimetuma sivii zaidi ya 30, hakuna aliyenipigia. Shida ni nini?

Afande, karibu sana, na asante kwa huduma yako.

Nimesoma sivii yako na nitakuambia ukweli kama dada mdogo. Umeandika vyeo, kambi na kozi, halafu mwisho "nidhamu ya hali ya juu". Mtu wa HR pale Westlands hajui platuni ni nini. Hajui kwamba sajini wa platuni analea watu kama thelathini, na juu ya hao analea na luteni mpya aliyetoka chuo cha maofisa cha Lanet juzi, kijana ambaye kwa karatasi ni mkubwa wako lakini kwa kazi wewe ndiye unamshika mkono bila kumwaibisha mbele ya askari. Hiyo peke yake ni kazi ngumu kuliko ile mameneja wengi wanafanya! Na wewe hukuiandika hata mstari mmoja.

Ukanitajia kwa simu, kama kitu kidogo tu, kwamba miaka sita ulikuwa mtu wa stoo ya kombania. Sasa iandike: nilisimamia vifaa vya watu zaidi ya mia moja, nilipokea, nikatoa, nikakaguliwa. Weka idadi unayoikumbuka vizuri, usiongeze. Ulifunza madereva? Andika ni wangapi. Siri za kazi ziache huko huko, hakuna mwajiri anazihitaji. Na usitume kila mahali, tafuta kampuni za mizigo, hospitali, viwanda, shule za bweni, mahali popote ambapo kitu kikichelewa mtu anaumia.

Halafu pita DEFOCA, chama cha wanajeshi wa zamani, na uulize kuhusu Sheria ya Maveterani ya 2022, ujue haki zako.

Niko Kayole, nataka kujua tu, kuna askari wa kawaida aliwahi kuwa kiongozi mkubwa Kenya hii ama ni maofisa pekee?

Wapo. Waruhiu Itote aliingia KAR, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, 1942, akapigana Burma, akawa koplo. Alirudi akafanya kazi ya reli, halafu akaingia msituni Mlima Kenya na Mau Mau, huyo ndiye Jenerali China. Vijana wengi aliowaongoza hawakuwahi kushika bunduki, na aliwapanga kwa yale aliyojifunza akiwa askari wa chini. Alikamatwa Januari 1954, na baada ya uhuru akawa kati ya viongozi wa NYS, huduma ya vijana kwa taifa.

Mwingine ni Jackson Mulinge wa Machakos, naye alianza KAR akiwa askari wa kawaida, akapanda mpaka Effendi, cheo cha juu walichopewa Waafrika wakati wa ukoloni, na 1978 akawa Mkuu wa Majeshi yote mpaka 1986.

Mimi ni mwanajeshi, naweza kugombea MCA, yaani mwakilishi wa wadi?

Ukiwa bado na kombati, hapana. Ukishatoka wewe ni raia kama mimi, fuata masharti ya IEBC, tume ya uchaguzi.

Dada, mume wangu alitoka jeshini mwaka jana, ana miaka 41. Anakaa tu, haongei. Marafiki wanamletea biashara kila siku, ati aweke pesa ya kustaafu. Hata mkutano wa korti, hapa mtaani tunapoishi, kuhusu maji, wanaume wanapigana na yeye anaangalia tu dirishani. Nifanye nini?

Mama, pole. Kwanza hizo biashara, kuanzia leo jibu liwe ni "bado", kwa mwaka mzima, na mseme wote wawili kwa sauti moja.

Pili, kunyamaza kwake usikuchukulie kama kiburi. Kama halali, kama anashtuka usiku, kama pombe imeongezeka, hiyo ni ya kupelekwa kwa daktari ama mshauri, na uende naye. Babangu alikaa hivyo karibu miaka miwili na sisi watoto tulidhani ametuchoka.

Lakini kuna kingine pia. Kwa miaka mingi kila asubuhi kulikuwa na watu wanaomngoja. Sasa hakuna anayemngoja. Kumwambia "tafuta kitu ufanye" haisaidii, anahitaji kupewa watu na kazi ambayo isipofanyika kila mtu ataona. Hayo maji ya korti yenu yanamfaa kabisa: funguo za tangi, daftari, na vijana wawili wa kusaidia pampu. Ila usimwambie wewe. Ongea na mwenyekiti pembeni, aje yeye mwenyewe jioni, abishe mlango, akae chini, amwombe.