Barua kwa mwanangu: mkojo unaotoka ukikohoa

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema tangu ujifungue, miezi 5 sasa, ukikohoa, ukicheka au ukimnyanyua mtoto, mkojo unakutoka kidogo. Mama mkwe wako amekwambia ndiyo mambo ya uzazi, utazoea. Mwenzako kazini amekwambia uende fiziotherapia, nawe unashangaa: si kule wanakopelekwa waliopooza na waliovunjika miguu? Tena unauliza imekuwaje, wakati wewe ulipasuliwa na mtoto hakupita chini. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungeona haya ukanikatisha.

Mama mkwe usimkasirikie. Ni kweli wanawake wengi hutokwa na mkojo baada ya kuzaa. Ila hilo la kuzoea silikubali hata kidogo. Miaka yote niliyofanya kazi wodi ya wazazi mpaka nikastaafu, nimewaona waliozoea. Mmoja aliacha kwenda tarawehe kwa sababu kila akirukuu udhu unatenguka. Mwingine, muuza mboga, alikuwa hanywi maji tangu alfajiri mpaka afunge genge. Wengine hawapandi daladala bila kujiwekea kitambaa, na kwenye ngoma wanakaa pembeni wakisema wamechoka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia daktari. Walidhani ni sehemu ya kuwa mama.

Sasa nikueleze kilichopo huko chini. Kuna misuli iliyotandazwa kuanzia mfupa wa mbele, chini ya kinena, mpaka kifandugu. Wataalamu wanaiita misuli ya sakafu ya nyonga. Juu yake vinakaa kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa, na katikati yake zinapita njia zote tatu. Ifikirie kama kamba za kitanda cha kienyeji: zimebeba uzito wote, zikilegea mtu anazama, na zinaweza kukazwa tena. Wewe umebeba mimba miezi 9, na huo mzigo ulilalia kamba hizo tangu kabla hujafika chumba cha upasuaji. Homoni za mimba nazo hulegeza kano. Kwa hiyo kupasuliwa kunapunguza hatari, hakuiondoi. Na wala si uzazi peke yake: kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, uzito mkubwa, kukoma hedhi, vyote vinaichosha misuli hii. Hata wasichana wasiozaa wanaocheza netiboli au kubeba vyuma hutokewa.

Kwa kuwa ni misuli, inatibika kama misuli mingine. Hapo ndipo fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, inapoingia. Nchini Uingereza mwongozo wa madaktari unasema mwanamke anayetokwa na mkojo akikohoa au akinyanyua kitu aanze na mazoezi ya misuli hii, akisimamiwa na mtaalamu, kwa angalau miezi 3, kabla ya kufikiria upasuaji. Miezi 3, mwanangu. Wengi hufanya wiki 2, hawaoni kitu, wakasema mazoezi ni uongo.

Mazoezi yenyewe utayakuta yamejaa mitandaoni kwa jina la Kegel, yule daktari wa Marekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948. Unabana kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, ukihisi unavuta kwenda juu na ndani. Unashikilia sekunde chache, mpaka 10 ukishazoea, kisha unaachia kabisa na kupumzika muda uleule. Angalau mara 8, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Usibane pumzi. Makalio, mapaja na tumbo viache vitulie. Na kabla hujakohoa au kumbeba mtoto, bana kwanza. Hilo peke yake linaweza kukupunguzia. Kuna wanaofundisha kukata mkojo katikati ndiyo zoezi la kila siku. Achana nalo, linaweza kukizuia kibofu kisimalize mkojo.

Hata hivyo sitaki uanze kubana tu ukiwa peke yako chumbani kwa kuwa mama amesema. Kuna wanawake ambao misuli yao haikulegea, imekaza kupita kiasi. Hao huumia wakati wa tendo la ndoa, au mkojo unakuwa mgumu kuanza, au nyonga inauma bila sababu inayoonekana. Ukimwambia mwanamke huyo abane zaidi unamwongezea maumivu. Yeye anahitaji kufundishwa kuachia na kupumua. Nao wanaotokwa na mkojo wanaweza kuwa wa namna hiyo. Tena wapo wengi wanaodhani wanabana kumbe wanasukuma chini. Bila kupimwa huwezi kujua wewe uko wapi, na ndiyo sababu nakusisitizia mtaalamu.

Najua unachoogopa kuhusu kupimwa. Mtaalamu huanza kwa kukuuliza: unakwenda haja mara ngapi, unakunywa nini, choo kikoje, ulijifunguaje. Anaweza kukwambia uandike kwa siku 3 kila unachokunywa na kila unapokojoa. Ataangalia unavyosimama, unavyopumua, kovu lako la upasuaji. Kisha, akiona inafaa na wewe ukiridhia, anaweza kupima misuli kwa kidole chenye glovu. Una haki ya kukataa, ya kuomba mtaalamu mwanamke, na ya kuingia na mtu wako. Ukikataa kupimwa kwa ndani, bado yapo mengi anayoweza kukusaidia. Ukipiga simu hospitali, uliza waziwazi kama yupo anayeshughulika na nyonga za wanawake, maana si kila mwenye fiziotherapia amesomea hilo. Muhimbili wana idara ya fiziotherapia. Anza kuulizia huko.

Kuhusu shabu, lile jiwe jeupe ambalo wengine hujiwekea ukeni. Najua shoga zako watakuletea, au majani ya kujifukiza, wakisema yatabana. Shabu inakausha na kuchubua ngozi laini ya uke. Misuli haiigusi hata kidogo. Mwanamke anahisi kubana kumbe amekauka, na michubuko hiyo inafungua njia ya maambukizi. Zuhura, kitu hicho usikiweke mwilini mwako. Na misuli hii si ya kumfurahisha mume tu, kama wanavyoisema kwenye vikao vya wanawake. Ni ya kwako kwanza, ya kukuwezesha kukimbilia mwendokasi bila hofu.

Kukandwa kwa maji ya moto na kufunga tumbo sikukatazi kwa ajili ya kuufariji mwili, ingawa kwenye kovu maji ya moto sana yasiguse. Ila mkanda ukiubana mno unasukuma uzito chini, kulekule kulikolegea. Ufunge kwa kiasi.

Maji kunywa. Ukijinyima, mkojo unakuwa mzito, unakikera kibofu, unakwenda haja kila mara, na choo kinakuwa kigumu. Kusukuma choo kigumu ni adui mkubwa wa misuli hii kuliko hata ndoo ya maji. Kula mboga, mapapai, maharage. Najua foleni ya kwenu inakufanya ukojoe kila unapotoka nyumbani hata kama hujabanwa. Punguza hilo taratibu, kibofu kisizoee kujaa kidogo.

Kuna dalili ambazo hutakiwi kusubiri nazo: damu kwenye mkojo, kuchoma, kushindwa kukojoa, ganzi sehemu za siri, au kuhisi kitu kinashuka ukeni. Hilo la mwisho wengi hulificha wakidhani ni lazima wakatwe, kumbe kuna mazoezi, na kuna kipete maalum kinachowekwa ndani kushikilia. Mkojo ukitoka mfululizo usiku na mchana, huo unaweza kuwa fistula, tundu linalotokea hasa baada ya uchungu wa muda mrefu. Mazoezi hayalizibi, linashonwa kwa upasuaji, na hapa Dar hospitali ya CCBRT kule Msasani wanawatibu wanawake hao bila malipo. Maelezo yako hayafanani na hayo, lakini ukiwa na jirani wa namna hiyo, mpeleke.

Umeniuliza kama umwambie mume wako. Mwambie. Atahitaji kujua kwa nini ndoo kubwa anabeba yeye kwa sasa na kwa nini utakuwa na miadi ya hospitali. Na kama tendo la ndoa linakuuma, usivumilie kimya, mwambie yeye, na mtaalamu pia.

Ukishapata tarehe nitumie ujumbe siku 2 kabla. Nitakuja kukaa na mtoto, na ukitaka tuingie wote, tutambeba.

Mama yako