Asilimia 90 ya bomba la moshi si asilimia 90 ya umeme

Ndugu, umeuliza kama mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa mwezi Juni 2019, ungekuwa safi lau ungefungwa vifaa vya kunasa asilimia 90 ya hewa ukaa. Asilimia hiyo ni ya bomba la moshi peke yake.

Kazi yangu ni kukagua ripoti za tathmini ya mazingira huku pwani, na kwanza kabisa huangalia hesabu imeanzia wapi na kukomea wapi. Katika ripoti moja, isiyohusu Kwasasi, jedwali lilianzia kwenye tanuri na kuishia kwenye bomba; safu ya usafirishaji ilitiwa kistari tu. Nilipouliza mafuta ya meli yamehesabiwa wapi, nikajibiwa kwamba hayo ni ya mwenye meli. Makaa ya Kwasasi yalipangwa kutoka Afrika Kusini kwanza, kwa hivyo kistari cha namna ile kingefunika safari nzima ya baharini pamoja na methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, inayovuja migodini.

Tuchukue tarakimu nyepesi. Mtambo wa kawaida hutoa takriban gramu 800 bombani kwa kila kilowati-saa. Dawa ya amini inayonyonya hewa ukaa haiiachilii mpaka ipashwe moto hadi nyuzi 120 hivi, na mvuke wa kuipasha ni ule ule ambao ungefua umeme; kisha gesi yenyewe lazima igandamizwe, nako kunakula umeme. Ripoti ya mwaka 2005 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ilikadiria nyongeza ya nishati ya asilimia 10 hadi 40. Tukishika 25, kilowati-saa ile ile sasa inazalisha gramu 1,000, zinanaswa 900, zinabaki 100. Muuzaji wa vifaa atajivunia 900, ilhali zilizoepukwa ni 700. Ya mgodini na melini hayanaswi kamwe, tena huongezeka kwa kuwa makaa yanayochomwa ni mengi zaidi: yakiwa gramu 80 hapo awali, sasa ni 100. Jumla ni 200 badala ya 880, yaani pungufu kwa asilimia 77. IPCC mwaka 2014, ikihesabu tangu mgodini, ilitoa kadirio la kati la gramu 820 kwa kilowati-saa ya makaa bila kunasa na 220 kwa kunasa. Umeme wa upepo wa nchi kavu ni 11.

Huko Texas, Marekani, mradi wa Petra Nova wa kunasa hewa ukaa ya mtambo wa makaa ulijengewa mtambo wa pekee wa gesi asilia wa kuendeshea unasaji, na moshi wa mtambo huo haukunaswa. Hewa iliyonaswa ilisukumwa kisimani ili kutoa mafuta zaidi, ambayo nayo huchomwa.

Lililobaki ni methani. Ikipimwa kwa miaka 100, tani moja huhesabiwa sawa na tani 28 hivi za hewa ukaa. Kwa miaka 20, huzidi 80. Kwa hivyo ripoti mbili za mtambo mmoja zaweza kutofautiana sana bila yeyote kudanganya, na mimi siipitishi isiyotaja imetumia kipimo kipi.